Wanawafungua watoto mioyo pwani halafu wanaondoka

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji, na naomba msinikatie sana maana jambo lenyewe ni refu. Nataka kuongelea hizi warsha zinazoletwa mashuleni siku hizi, zile za kuwatoa watoto nje ya darasa wakajifunze mazingira na hapo hapo wafundishwe habari za hisia zao, hasira, huzuni, woga, namna ya kusema ukiwa na jambo moyoni. Mwezi uliopita ilifanyika moja kwenye shule ya msingi ya huku kwetu Mikindani. Shule siitaji na waliokuja siwataji, sina ugomvi na mtu. Mimi ni mzazi, ni mjumbe wa kamati ya shule na zamani nilifundisha, na siku hiyo nilikuwepo kuanzia asubuhi mpaka watoto wanaruhusiwa.

Nianze kwa kusema kazi ile ni nzuri. Naanza na hilo makusudi, kwa sababu nikitanguliza malalamiko wapo watakaodaka hapo hapo waseme si tulisema, hizo semina ni za kula posho tu, watoto warudi wakafundishwe hesabu. Hapana jamani. Niliyoyaona kwenye mikoko siku ile, miaka yote ya kushika chaki sikuyaona darasani, na nataka yaendelee tena kwa nguvu, ila siyo kwa mtindo ule wa kuja na kuondoka.

Watoto wa darasa la tano walishuka pwani maji yameshakupwa, wakavua viatu wakaingia kwenye tope. Mwezeshaji, kijana wa watu katoka Dar, alikuwa na makaratasi yake ya picha za miti kayatia nailoni. Hajafika hata mti wa pili mtoto mmoja wa kiume akamwambia kaka huo siyo mkandaa, huo msinzi, mkandaa ni ule kule mfupi, na huu wa mbele wenye mizizi inayotoka juu kwenye shina ikashuka mpaka kwenye tope ndo mkoko wenyewe. Akaendelea, leo bamvua bado, maji hayaendi mbali, kabla ya saa sita yatakuwa yamesharudi hapa tuliposimama. Mhariri, mtoto huyu darasani anaitwa mzito. Anakaa nyuma, kusoma anasomasoma tu kwa kukwama, na mwalimu wake alikuwa amesimama pembeni yangu kaweka mkono mdomoni. Yule kijana alifanya la maana, alikunja makaratasi akampa ile fimbo ya kuonyeshea akasema haya, tupeleke. Mtoto akatupeleka. Akatuonyesha mbegu ya mkoko, ile ndefu ya kijani inayoota ikiwa bado juu kwa mama yake, halafu ikidondoka inachoma tope inasimama, akaeleza kwamba ikidondoka maji yamejaa basi inaelea inaenda kushika kwingine, na wenzake wale wale wanaomchekaga walikuwa wanagombania kumuuliza maswali. Baba yake mvuvi, akitoka shule anaenda naye, kusi na kaskazi anazijua, lakini tangu aanze la kwanza hakuna mtu shuleni aliyewahi kumuuliza anachojua.

Baadaye wakaambiwa kila mmoja achague mahali pake akae kimya dakika kumi. Wakacheka, wakarushiana matope, wawili ikabidi wasogezwe karibu na mwalimu, halafu taratibu wakatulia kweli. Ukitulia kwenye mikoko maji yakiwa nje unasikia tope linatatarika, ni kamba wadogo na kaa kwenye matundu yao, na ukiwa unaongea husikii hata kidogo. Walivyorudi wakaulizwa mmesikia nini, kisha wakaulizwa swali ambalo mimi lilinigusa sana, ukikasirika unasikia wapi mwilini? Mmoja akasema kooni. Mwingine tumboni, mwingine mikono inakuwa ya moto, na mmoja akasema mimi masikio yanaziba, mwalimu akiongea simsikii. Hilo la masikio nimeliwaza mpaka leo, maana watoto wangapi wanachapwa kwa kosa la kutosikiliza kumbe mtoto wa watu kichwani kumejaa kelele ya kwao nyumbani.

Sasa hapo ndo shida ilipoanzia. Walirudishwa chini ya mkungu, wakakaa duara, kila mmoja akapewa kikaratasi cha njano aandike kitu kinachomlemea moyoni, na walivyomaliza mwezeshaji akauliza nani yuko tayari kutusomea cha kwake. Binti mmoja akasimama. Sitasema ana umri gani wala anakaa wapi, na kuna mambo nimeyageuza kidogo asitambulike. Akasoma kwamba msimu uliopita baba alivyolipwa hela ya korosho alihama nyumbani, na mama analia usiku, na yeye halali anamsikiliza. Pale chini ya mti kukawa kimya. Mwezeshaji akamwambia asante kwa ujasiri wako, mpigieni makofi, watoto wakapiga, kikaratasi kikabandikwa kwenye lile karatasi kubwa pamoja na vya wenzake, wakapiga picha ya pamoja na bango, wakanywa soda na biskuti, na saa nane gari ikaondoka. Lile karatasi kubwa na vikaratasi vyote vya njano lilikunjwa likawekwa kwenye gari. Nadhani kwa ajili ya ripoti.

Jumatatu yake wenzake wakamtungia kawimbo. Mtaani habari ilishafika tangu Ijumaa jioni, mama yake akaisikia kwa jirani wakiwa kisimani, akajisikia amevuliwa nguo mbele za watu, na hasira zote zikamwishia mtoto. Binti hakuja shule siku kadhaa. Alivyorudi nikamuuliza mwalimu mmoja, huyu mtoto nani anaongea naye? Akanijibu kwa unyonge, mama, sisi hatukuambiwa tufanye nini baada ya pale.

Ndo maana naandika. Mtu anayemfungua mtoto moyo lazima awe mtu ambaye Jumatatu yupo. Kama hayupo Jumatatu basi amfundishe mikoko, kaa na ndege wa pwani, inatosha na ni jambo kubwa, lakini ya moyoni asiyaguse. Yakifunguliwa yafunguliwe na mtu wa hapo hapo shuleni, anayejulikana, aliyeandaliwa, na siyo mbele ya watoto arobaini.

Na yapo mengi ya kufungua, tusijidanganye. Watu wa mbali wakisikia Mtwara na Lindi wanafikiria korosho na gesi. Sisi tunajua msimu wa korosho ukianza Oktoba, hela ikiingia kwenye akaunti, kuna nyumba zinajengwa na kuna nyumba zinavunjika, wapo wazazi wanaohamia shambani wiki na wiki watoto wanabaki na bibi ambaye mwenyewe anahitaji kuangaliwa, wapo watoto wanaoshinda wanaokota korosho badala ya kwenda shule, na ukiwa ni wakati wa mabibo na uraka, ile pombe ya mabibo, ndo usiseme, makelele ya walevi yanalala na watoto chumba kimoja. Huku pwani yupo mtoto ambaye baba alitoka na mtumbwi hakurudi, hakuna kaburi la kwenda kuomba dua. Kando ya Ruvuma wanajua yaliyowakuta watu wa Kitaya Oktoba 2020, wavamizi walipovuka kutoka Msumbiji wakaua na kuchoma nyumba, na waliokuwa wadogo sana siku ile leo ndo wako darasa la nne la tano, tunawauliza kwa nini hawamalizi kazi ya nyumbani. Kwa wenzetu wa Kilwa, Mei 2024 kimbunga Hidaya kilileta mvua mpaka barabara ya Dar ikakatika pale Somanga. Mtu mzima anaweza kukusimulia hayo akitokwa na jasho. Mtoto anakusimulia kwa kukojoa kitandani, kwa kupiga wenzake, kwa kukaa kimya nyuma ya darasa. Shirika la Afya Duniani linasema kati ya vijana saba wa miaka 10 mpaka 19 duniani mmoja ana tatizo la afya ya akili, sasa chukua darasa lako la watoto sabini ufanye hesabu.

Kuna wazazi wenzangu walikuja juu kwenye kikao wakasema haya mambo ya kuulizana hisia ni ya wazungu, sisi hatukulelewa hivyo. Naomba tukumbushane tulivyolelewa. Jando na unyago, iwe kwa Wamakonde, Wamwera, Wayao au Wamakua, zilikuwa zinafanyika wapi kama siyo porini, nje ya kijiji, chini ya miti, kwa nyimbo na ngoma, mtoto anafundishwa majina ya miti na dawa na hapo hapo anafundishwa woga wake na aibu yake na namna ya kuishi na watu? Nyuma yake anabaki na somo wake, mtu mmoja anayemjua, akipata jambo hata akiwa mtu mzima ana watoto wake anajua pa kukimbilia. Sisemi unyago upelekwe shuleni, hapana, yapo mle ambayo mabinti wadogo wanaambiwa kabla ya wakati na tumeona wanaoacha shule kwa ajili hiyo, mimi mwenyewe nimelipigia kelele kwenye kamati. Ila wazee walishajua kwamba mtoto anafundishika vizuri akiwa nje, na walishajua kwamba ukishamfundisha humwachi hewani. Hii warsha imechukua nusu ya kwanza ikaacha ya pili.

Na kabla ya shule mtoto wa huku alikuwa anakaa juu ya dungu kulinda mpunga, anachimba ming'oko, vile viazi vya porini, na bibi yake, anajua shina lipi linatambaa na lipi la kuacha. Bibi anachimba anaongea, mtoto anachimba anaongea, mikono ina kazi na macho hayaangaliani, hapo ndo maneno yanatoka yenyewe. Nenda kamkalishe mtoto huyo huyo ofisini kwa mwalimu mkuu mbele ya meza umwambie haya sema una tatizo gani. Hatasema mpaka kesho.

Wengine wanasema watoto wanapotezewa muda, la saba wana mtihani Septemba. Nawaelewa, matokeo yakitoka tunaanza kunyoosheana vidole. Lakini Marekani kuna watafiti wawili, Andrea Faber Taylor na Frances Kuo, walitoa utafiti mwaka 2009, walichukua watoto wenye tatizo la kutotulia, wakawatembeza dakika 20 kwenye bustani yenye miti, siku nyingine mjini katikati, siku nyingine mtaa wa nyumba za kawaida, kila wakirudi wanapimwa umakini. Waliotoka kwenye miti walifanya vizuri zaidi. Dakika 20 tu. Muda huo shuleni kwetu unaishia mstarini tunasubiri mtu aliyechelewa achapwe.

Hao Waingereza wenyewe ambao tunasema tunawaiga, wana utaratibu wa kuwapeleka watoto msituni, ulianzia chuo kimoja cha Bridgwater mwaka 1993 baada ya walimu wake kwenda Denmark kuona wenzao wanavyofanya, na ukiusoma utakuta msingi wake wa kwanza kabisa ni kurudi. Watoto wanakwenda mara kwa mara, kwa muda mrefu, siyo siku moja na tisheti. Sasa sisi tumechukua jina tukaacha kazi.

Ninachoomba mimi siyo kitu cha hela nyingi, na nakisema wazi ili wenye shule na mashirika yao wakisome.

Kwanza iwe kila wiki, kipindi kimoja au viwili vya kufuatana, mahali pale pale. Mahali pale pale nasisitiza. Mtoto akirudi kwenye mti ule ule anaona mbegu aliyoiacha imetoa majani, anaona maji ya leo na ya wiki ile, anakuwa na pake. Ratiba ipo, kwenye mtaala huu mpya kuna somo zima la Jiografia na Mazingira, kuna Sanaa na Michezo, na bado utakuta mwalimu anachora mkoko ubaoni na dirishani mkoko wenyewe unaonekana. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ipo hapa kwetu tangu mwaka 2000, wapo watoto wa mkoa huu wanaomaliza la saba hawajawahi kufika Msimbati, kijiji kilicho humo humo hifadhini.

Pili, na hili ndo roho ya barua yangu, mwalimu wa ushauri na unasihi awe ndo anayekwenda nao, na asishike fimbo. Shule nyingi mwalimu huyo huyo wa unasihi ndo wa nidhamu, asubuhi kakuchapa saa nne anataka umweleze yanayokusumbua, mtoto gani ataongea? Kanuni zinasema viboko ni kwa ruhusa ya mwalimu mkuu na visizidi vinne, lakini kila mtu anajua hali ilivyo. Angalau mtu mmoja kwenye shule nzima awe ni mtu ambaye mkono wake haujawahi kumpiga mtoto. Apewe mafunzo ya kweli, apunguziwe vipindi, maana huyu mwalimu wetu ana madaftari ya madarasa matatu ya kusahihisha, tukimwongezea na machozi ya watoto bila kumpunguzia kitu naye ataugua.

Na yanayosemwa yasisomwe duarani. Mtoto aulizwe ya kawaida mbele ya wenzake, umesikia nini, umeona nini, ukikasirika unasikia wapi, hayo yana faida na hayamvui nguo mtu. Ya nyumbani ayaseme akiwa anatembea na mwalimu pembeni, wenzake wako mbele wanatafuta kaa. Kikaratasi kama ni lazima kiandikwe basi kiwe chake, akiweke mfukoni au akichane. Mwalimu akisikia jambo zito, mtoto anapigwa, anashikwashikwa, halali usiku, hali chakula, ajue njia ya kulipeleka, yupo afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, lipo dawati la jinsia na watoto polisi, na ipo namba 116 ya kupiga bure ambayo hata mtoto mwenyewe anaweza kupiga. Warsha ya siku nzima ile namba 116 haikutajwa hata mara moja. Ningekuwa mimi ningeiandika kwenye ukuta wa choo cha wasichana na cha wavulana, mahali ambapo mtoto anasoma bila kuonekana.

Tatu, wawezeshaji wawe watu wa huku. Pale pwani kuna wazee wamevua miaka na miaka, kuna kina mama wanaookota tondo na chaza, wanajua kila mti wa mikoko na kazi yake, wanajua kwamba mikoko ni msitu wa hifadhi na kuikata bila kibali ni kosa na watakwambia kwa nini samaki wadogo wanapungua ukiikata. Mzee kama huyo mpe nauli na chai, atakuja. Na kuna jambo ambalo kijana wa Dar hawezi kulijua. Baadhi ya wazazi walikataa watoto wao wasishuke kwenye mikoko wakihofia mashetani, na wengine wanauogopa mbuyu fulani. Ukiwacheka umepoteza watoto wao. Mzee mmoja alitusaidia sana, alipita na sisi kabla akatuonyesha pa kukaa na pa kuacha, akawaambia wazazi mimi nitakuwepo. Siku ya warsha watoto wa wazazi wale walikuwepo wote.

Kuna la kazi za nje pia, hili tulitazame kwa makini. Toka enzi za Elimu ya Kujitegemea ya Mwalimu Nyerere mwaka 1967 shule zetu zina mashamba na wazo lilikuwa zuri sana, ila kadiri miaka ilivyokwenda nje ya darasa pamegeuka mahali pa adhabu. Ukichelewa unafyeka, ukiongea kimombo kibaya unamwagilia, ukipiga kelele unang'oa kisiki. Kwa hiyo mtoto ukimwambia tunatoka nje cha kwanza anajiuliza nimekosa nini. Siku ile ya pwani wapo walioniuliza, bibi, tunakwenda kubeba mchanga? Mwalimu atakayechukua kazi hii akiwageuza watoto kuwa vibarua wa kupanda miche ya mtu, au akiitumia kama adhabu hata mara moja, basi yote yameharibika.

Halafu tumbo. Mtoto aliyetoka nyumbani hajala, jua la saa nne pwani litamwangusha, atakumbuka kizunguzungu tu. Uji kwanza, maji ya kunywa yabebwe. Watoto wenye ualbino kofia na nguo za mikono mirefu, siyo wabaki darasani eti kwa usalama wao, wameshabaki darasani vya kutosha. Aliye na ulemavu wa miguu ukumbi wake uwe pale mkunguni ambapo wenzake wanamletea vitu aviangalie na aviandike. Mabinti wakubwa wapewe nafasi ya kukaa kando siku zao bila kuulizwa mbele za watu. Ruhusa ya mzazi kwa maandishi, mtu mzima anayejua kuogelea awepo, na ratiba ifuate maji, siyo kengele. Bahari haijui kipindi cha tatu.

Najua wasomaji wa Newala na Tandahimba watasema sisi juu huku kwenye uwanda wa Makonde hatuna bahari. Mna mikorosho, jamani. Chini ya mkorosho mkubwa mwezi wa saba, maua yametoka, nyuki wamejaa, darasa zima linaenea kivulini, ila angalieni wakati wa kupuliza salfa, ile dawa ya mikorosho, watoto wasiwepo. Masasi mna ile milima ya mawe, Mtandi unaonekana mpaka barabarani. Wenzetu wa Lindi ndo matajiri kabisa, kuna Rondo na msitu wake, kuna yule komba mdogo wa Rondo, mnyama wa gramu 60 hivi anayepatikana kwenye misitu michache tu ya Tanzania na yuko hatarini kutoweka, usiku unamsikia analia juu ya mti. Kuna Tendaguru, Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria pale kuanzia 1909 mpaka 1913, wachimbaji wenyewe wakiwa babu zetu wakiongozwa na msimamizi wao Boheti bin Amrani, na mifupa ile leo imesimama Berlin, mjusi mkubwa wa kale mwenye urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu. Ninamtaja makusudi. Mtoto wa Lindi anayeambiwa kila siku kwamba kwao ni nyuma ya nchi, mpeleke akasimame kwenye ardhi ile umweleze kilichotoka pale na nani alikichimba, uone atarudi anatembeaje. Hiyo nayo ni afya ya moyo.

Wale waliokuja siku ile, kama wanasoma gazeti hili, nawaomba wasiache kuja. Ila hela ya ukumbi wa maandalizi, mabango, tisheti na soda, nusu yake tu ingemlipia mwalimu mmoja mafunzo ya unasihi na uji wa darasa moja kwa muda mrefu kuliko wanavyodhani. Na yale makaratasi ya njano naomba warudishe au wayachome, ni siri za watoto wetu, hayana haki ya kukaa kwenye kabati la mtu wala kutokea kwenye ripoti yenye picha.

Kwa upande wetu kamati imeshakaa. Wazee wawili wavuvi wamekubali kuwa wanakuja, mama mmoja anayeokota tondo amekubali, mwalimu mmoja wa kike ambaye watoto wanamkimbilia wenyewe wakiumia amesema yuko tayari kuachana na fimbo kabisa kama atapunguziwa vipindi. Binti wa kile kikaratasi siku hizi anatembea naye kurudi nyumbani maana njia yao ni moja. Siku tumechagua Alhamisi, saa itategemea maji, na tunataka tuanze kabla ya Oktoba, kabla hela ya korosho haijaanza kuingia. Barua ya kuomba ruhusa tulishaipeleka ofisi inayohusika, imegongwa muhuri wa kupokelewa, mpaka ninapoandika hatujajibiwa. Naomba aliyenayo mezani kwake aisome wiki hii.

Ni mimi,
Mzazi na mjumbe wa kamati ya shule,
Mikindani, Mtwara